Kikao Kilichomchagulia Atupele Shule

Kabla hujamgusa mtu, pasha mikono yako moto. Naanza na hilo kwa sababu ndilo la kwanza nililofundishwa kwenye kazi hii, na nalijua kuliko nyinyi wote mtakaosoma hapa, hata wenye digrii mbili. Miaka kumi na miwili nimegeuza, nimeogesha, nimevisha na kunyanyua wazee wa Minnesota, kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee upande wa Champlin, karibu na mto. Elimu yangu ni darasa la saba. Siisemi kwa aibu. Katika watu wote waliopita mikononi mwangu, hakuna aliyepata kidonda cha kulalia kwa uzembe wangu, na wauguzi wenye vyeti walikuwa wakiniita niwaonyeshe namna ya kumlaza mtu asiyelalika.

Sasa vijana wa hapa mnanifuata na maswali ya shule za udaktari. Najua mnachofuata. Mmesikia binti yangu ni daktari. "Mzee Mwakalinga, nimekubaliwa shule mbili, moja ya udaktari wa kawaida, nyingine ya osteopathia. Niende wapi?" Mnataka nitaje moja, mmalize chai, muondoke. Nitawajibu, lakini kwa njia yangu, na mtavumilia. Sina haraka, sina ninayemsubiri.

Majira yangu ya kwanza ya baridi hapa niliingia kazini nikitoka moja kwa moja kwenye maegesho, bila glavu, nikaenda chumba cha bibi mmoja aliyekuwa mwalimu wa piano. Nikamwekea viganja mgongoni nimgeuze. Alipiga ukelele mpaka jikoni wakasikia. Kisha akachukua brashi yake ya nywele akanitandika nayo kichwani, na kwa mtu aliyedhaniwa hana nguvu, alikuwa na nguvu.

Aliyekuja mbio ni Nyambura, mama wa Kikenya aliyenitangulia pale miaka mingi. Alicheka mpaka akashika mlango.

"Wewe Mtanzania, unataka kuua cucu, huyu bibi wa watu, na barafu? Kuja hapa. Hiyo mikono weka kwa maji ya moto kwanza."

"Samahani, dada."

"Wacha samahani! Nyinyi mnaomba samahani hadi kwa kitanda. Pasha mikono. Halafu umwambie vile unataka kufanya. Halafu ndio uguse."

Huo ndio ulikuwa udaktari wangu wote, na umenitosha. Mengine niliyaongeza mwenyewe. Mtu hageuzwi kwa kuvutwa mkono, utamng'oa bega. Mkunje goti la upande wa mbali, weka mkono mmoja begani na mwingine kwenye nyonga, umlete kwako taratibu, kama mtu anayefungua mlango mzito. Shuka chini yake linyooke kabisa, kwa maana mkunjo mwembamba kama uzi ukilaliwa tangu mchana hadi jioni unachimba ngozi. Visigino visiguse godoro. Na usimnyanyue mtu peke yako. Hilo la mwisho niliwafundisha wengi, na nitawaambia baadaye nililitii vipi.

Yule bibi wa piano tulikuja kupatana. Kila asubuhi nilimwamkia "Shikamoo", kwa sababu ulimi wangu ulikataa kumsalimu mtu wa umri ule kwa "Hai" kama kijana mwenzangu. Akauliza maana yake, nikamwambia, akauliza anatakiwa kujibu nini. Tangu siku hiyo nikifungua tu mlango anawahi yeye: "Marahaba!" hata kabla sijasema. Nyambura alisema tumekuwa kama redio mbovu. Alipofariki, nilimaliza wiki nzima nikifungua kile chumba na kusimama mlangoni.

Binti yangu ni Atupele. Mama yake ndiye aliyeshinda bahati nasibu ya viza, mimi na mtoto tukaja kwa mgongo wake, na mwaka wa tatu akafariki. Tukabaki wawili kwenye nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya pili, hapo Brooklyn Park. Mimi nilipika ndizi, yeye alisoma. Alipoingia chuo, likizo alikuja kufanya kazi kwetu kama msaidizi, na mimi ndiye niliyemfundisha.

Kulikuwa na mzee aliyepata kiharusi, hasemi, na kwenye faili lake waliandika kwamba ni mkali. Kila akivishwa shati anapiga mtu. Nikamwambia Atupele asimame aangalie. Nikapasha mikono, nikamweleza mzee ninachotaka, nikampapasa bega taratibu mpaka nikafika mahali chini ya bapa la bega palipokaza kama kamba. Mzee akafumba macho. Nikamwambia binti yangu, huyu hana ukali, ana maumivu. Walikuwa wanamvisha mkono mzima kwanza, halafu ule mbovu wanausokota nyuma ufuate. Mkono mbovu ndio unaingia wa kwanza kwenye shati, na unatoka wa mwisho. Tukamvisha hivyo. Hakumpiga mtu.

"Umejuaje, baba?"

"Nimemgusa."

"Hapana, lakini umejuaje?"

Nikamwambia kule Tukuyu nilifanya kazi kiwanda cha chai, kwenye vitanda vya kunyaushia majani. Msimamizi alikuwa na kipimo chake. Mimi nilifinya konzi ya majani, nikaachia, nikajua yamefika au bado. Mwili ni hivyo hivyo. Atupele akatoa kidaftari mfukoni akaandika. Nilijiona mkubwa siku ile, sitawaficha.

Basi mwaka aliomaliza chuo zikaja barua mbili. Moja ya shule ya udaktari ya hapa mjini, mwendo wa dakika ishirini kutoka nyumbani. Nyingine ya shule ya osteopathia, jimbo la kusini mwetu, saa nne kwa gari. Alizipanga mezani, ile ya mbali akaiweka karibu na mkono wake.

"Baba, hawa wanasoma yote wanayosoma wale wengine. Dawa, upasuaji, yote. Wanatibu, wanaandika dawa, wanaajiriwa hospitali zilezile. Ila juu ya hapo wanafundishwa kutumia mikono. Kupapasa mifupa na misuli, kujua tatizo liko wapi, kuunyoosha mwili."

"Kuchua."

"Siyo kuchua, baba."

"Mtu akiniwekea mikono mgongoni akanikanda, huko kwetu tunaita kuchua."

Akacheka kidogo. Alidhani natania.

Nikaitisha kikao. Nyinyi mnajua tulivyo: mtu akioa, kikao; akifiwa, kikao; mtoto akichagua shule, kikao, mwenyekiti, katibu na muhtasari. Mwenyekiti alikuwa Injinia Massawe wa Champlin, aliyekuwa mwenyekiti wa kila kitu, na siku hiyo akajipa ukatibu pia. Mdogo wangu, ambaye ni mwalimu Mbeya, tulimweka kwenye simu ya spika katikati ya meza kwa kadi ya simu. Nyambura nilimwalika kwa heshima. Ilikuwa Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Atupele alipika chapati, akaleta chai, akazunguka na birika, kisha akaketi kwenye zulia karibu na mlango wa jikoni.

Injinia akafungua. "Ndugu wajumbe, ajenda ni moja. Mimi nasema jina. Daktari wa kawaida kila mtu anamjua. Hiyo nyingine, nikimwambia mtu kanisani, nitaanza kueleza mpaka ibada iishe."

Simu ikakwaruza, mdogo wangu akasema, "Kaka, mimi nauliza moja tu. Akirudi huku nyumbani watamsajili? Wasije wakamwambia wewe ni fundi wa viungo."

"Umesikia swali la mwalimu," Injinia akasema, akaandika.

Nyambura akaweka kikombe chini. "Na msichana mwenyewe anasema aje?"

"Mama, tunakwenda kwa utaratibu," Injinia akasema. "Mhusika atapewa nafasi mwishoni."

"Mwisho ya nini? Kwani ni nyinyi mnaenda shule?"

Watu wakacheka. Atupele alikuwa amenyanyuka, mkono mmoja mfukoni mwa sweta, kama mtu anayetaka kutoa kitu. Nilimwona. Nikasema, "Vikombe, mwanangu," naye akavikusanya akaingia jikoni, nikasikia maji ya bomba.

Hapo nikasema maneno yangu. Nayakumbuka yote. "Sikumtoa mtoto Tukuyu kumleta mpaka huku ili akasomee kukanda watu migongo. Kazi hiyo naifanya mimi, na sikwenda shule yoyote."

Walicheka sana, mdogo wangu alicheka mpaka simu ikapiga mluzi. Jikoni bomba likafungwa. Hakuna kikombe kilichogongana na kingine.

Halafu ile sauti ya mama iliyorekodiwa kwenye kadi ya simu ikatutangazia kwamba imebaki dakika moja. Injinia akaharakisha, akasema kikao kimeona shule ya hapa mjini inafaa, akamwomba mdogo wangu atufungie kwa sala, na sala ikakatikia katikati. Zamu ya mhusika haikufika. Jumapili iliyofuata Injinia aliniletea muhtasari umechapwa vizuri, kurasa mbili. Mstari wa mwisho kabla ya kufunga unasema: "Mhusika aliridhia."

Nilipomuuliza jioni ile, Atupele alisema, "Sawa, baba." Kwa Kiswahili. Baada ya hapo, polepole, akaanza kunijibu kwa Kiingereza.

Sasa niwaambie jambo ambalo Injinia hakuliandika kwa sababu sikulisema. Sikujali jina. Sikujali kusajiliwa. Swali la mdogo wangu lilikuwa swali la haki, na wewe unayewaza kurudi kufanya kazi nyumbani unatakiwa kuwaandikia wanaosajili madaktari huko na kusubiri wakujibu kabla hujachagua. Sisi tuliliuliza ili limalize mjadala, na hakuna aliyetafuta jibu, mimi wa kwanza. Nilichojali ni zile saa nne. Nilikuwa nimemzika mama yake kwenye ardhi inayoganda. Niliona ile nyumba bila viatu vya Atupele mlangoni, nikaogopa, na mwanamume wa umri wangu hajui kuita kikao akasema naogopa. Kwa hiyo nikaitukana shule. Nikaitukana kwa kutumia mikono yangu mwenyewe, kitu pekee nilichokuwa nacho cha kujivunia, nikakifanya kichekesho mbele ya mtoto aliyekiandika kwenye daftari.

Akasoma hapa mjini. Mwaka wa kwanza alilala nyumbani. Wa pili akahamia Oakdale na wenzake, karibu na hospitali aliyotarajia kufanyia mazoezi. Oakdale ni nusu saa kama barabara haina theluji. Nilikwenda mara mbili tatu, nikakuta anasoma, nikaacha ndizi kwenye friji yake nikaondoka. Alikuja sikukuu. Kisha sikukuu zingine. Kisha akawa daktari, na zamu zake mnazijua. Hakunitukana kamwe, hakuniomba kitu kamwe. Nikipiga simu anapokea kwa adabu kama anavyompokea mgonjwa. Nilimzuia asiende saa nne mbali nami, na angekwenda, mwezi ungeisha sijaendesha kwenda kumwona? Ningeendesha. Oakdale siendi.

Mgongo wangu uliumia kwa ujinga. Mzee mmoja mkubwa wa mwili aliteleza bafuni, mashine ya kunyanyulia ilikuwa ghorofa nyingine, mwenzangu alikuwa mapumziko. Dakika tano tu ningesubiri. Nikajiambia mimi ni Mwakalinga. Nikamkumbatia nikanyanyua peke yangu. Alikaa kitini salama, akanishukuru, na mimi nikashindwa kunyooka. Nyambura alinikuta nimeinama nimeshika sinki.

"Kila mtu unamfundisha asibebe peke yake," akasema. "Kila mtu."

"Nyamaza, dada, uniletee kiti."

Ndiyo mwisho wangu wa kazi. Hawakunifanyia sherehe, na sikuitaka. Nyambura alinipikia githeri, makande ya kwao, akaileta kwenye ndoo ya aiskrimu.

Wakanipeleka kliniki. Nimeingia pale nikitegemea daktari atakayeangalia kompyuta. Akaja mzungu mrefu, kijana wa kutosha kuwa mwanangu, akakaa, akanisikiliza. Kisha akasimama, akasugua viganja vyake, akavipuliza, akavisugua tena. Akaniambia, sasa nitakugusa mgongo, nitaanzia juu. Nilimgeukia nikamkazia macho mpaka akauliza kama nina wasiwasi. Nikasema hapana, endelea. Vidole vikashuka taratibu, vikapita, vikarudi, vikasimama palepale panapouma. Nilikuwa sijaguswa na mtu kwa muda ambao sikuwa nimeuhesabu. Nilifumba macho kama yule mzee wa kiharusi.

Aliponyoosha alichoweza, akaandika dawa, akaandika picha za mgongo, kama daktari yeyote. Nikamuuliza umesoma wapi. Akataja ileile shule ya saa nne kusini.

Nikasema, "Wale wa osteopathia."

"Ndiyo."

"Na hospitali mnakubaliwa?"

Akacheka, hakukasirika. Akaniambia wanachanganyika wote zamu moja, na yeye mwenyewe mara nyingi hajui mwenzake amesoma upande gani mpaka asome beji. Akasema pia, kwa ukweli, kuna wenzake waliosoma shule yake ambao hawakumbuki tena kuweka mkono juu ya mgonjwa, na kuna wa shule ya kawaida wenye mikono mizuri. Nikamwambia nina binti daktari. Akauliza, alisoma wapi? Nikajibu. Akasema hongera. Nikavaa shati, upande wenye maumivu ukaingia wa kwanza.

Nikampigia Atupele kutoka kwenye gari, mbele ya kliniki. Nikamweleza yule daktari, na mikono, na shule. Akasema kwa Kiswahili, ambacho kilikuwa kimeanza kumkauka:

"Najua, baba. Niliwaambia."

"Hukutuambia, mama. Hukusema kitu siku ile."

"Niliandika. Ukurasa mzima. Ulikuwa mfukoni mwa sweta. Ukaniambia vikombe."

"Uliandika nini?"

"Wewe. Yule mzee na shati lake. Kwamba nataka kusomea kitu unachokijua wewe, ili nijue jina lake kwa vitabu. Nilitaka kuwasomea, wakusikie wewe ni nani." Nilisikia mtu anamwita kule aliko. "Mimi siyo daktari mbaya, baba. Sijapotea. Hii shule ilikuwa nzuri. Ila hamkuniuliza. Lazima niende, nina mgonjwa."

"Huo ukurasa unao bado?"

Alikuwa amekwisha kata.

Kwa hiyo jibu langu kwenu ni hili. Shule zote mbili zitakufanya daktari. Uliza utakapotaka kufanyia kazi kama watakutambua, uliza mitihani, uliza hospitali za mazoezi, kaa na waliosoma kila upande uangalie wanavyowagusa watu. Kisha chagua wewe. Na wazee wako wakiitisha kikao, usipeleke maneno yako mfukoni. Yatoe mezani kabla ya chai. Ukiambiwa vikombe, sema vikombe vitasubiri. Na wewe mzazi unayesomewa haya na mwanao, ukiona unaitukana shule, jiulize unaogopa nini, halafu sema hicho.

Wiki iliyopita niliutoa ule muhtasari chini ya Biblia. Nikachukua kalamu nikafuta "Mhusika aliridhia." Mwandiko wangu ni wa darasa la saba na mgongo hauniruhusu kukaa sana mezani, kwa hiyo ilinichukua asubuhi nzima. Niliandika juu yake: "Mhusika hakuulizwa. Baba yake aliogopa kubaki peke yake." Nikaweka sahihi, nikatia kwenye bahasha, nikaandika anwani ya Oakdale, nikashuka ngazi moja moja mpaka kwenye sanduku la posta.

Bado hajajibu. Hapa ghorofa ya pili hakuna wa kumwamkia wala wa kuniamkia. Nikichemsha chai asubuhi, nashika kikombe kwa viganja vyote viwili mpaka vipate moto kabisa, hata vidole. Ni mazoea ya kazi. Kisha nakaa upande wa dirisha linaloona maegesho, mikono ikiwa tayari.